Kabla hujafuta

Columbus, Ohio
Jumapili usiku

Kaka Hemedi,

Assalaam aleikum. Dhumuni la barua hii kwanza ni kukujulia hali, na ukitaka kujua hali yangu mimi ni mzima, ukiacha mgongo ambao habari zake unazo. Shemeji yako anakusalimu. Watoto wanakusalimu, na yule mdogo anauliza lori lake la kuchezea liko wapi, kwa hiyo usidhani amesahau. Salamu zimekwisha. Sasa tugombane.

Ujumbe wako wa sauti ule wa kituo cha mafuta nimeusikiliza, nikaurudia, nikampigia Mudi naye ausikie. Eti hii bendi ya Kimarekani, Grateful Dead, "inatafuta wimbo na haiupati." Eti umewavumilia kutoka Joliet mpaka unavuka mto Mississippi, na sasa unataka kufuta kila nilichokuwekea kwenye simu ubaki na taarabu na mpira. Hemedi, usifute. Nisikilize kwanza, halafu ukitaka futa, simu ni yako.

Niambie, ile uliyoisikiliza ulipewa na nani? Ya 1995? Nilijua. Ni Mudi. Kwa Mudi, sauti ikiwa safi basi kanda ni nzuri, habari ya muziki baadaye. Jerry Garcia, mwimbaji na mpiga gitaa wao, mwaka ule alikuwa mgonjwa, amechoka, maneno ya nyimbo alizoimba miaka ishirini yanampotea jukwaani, na Agosti 9 akafariki, ana miaka 53. Ndiyo Grateful Dead uliyotambulishwa hiyo. Ni sawa na kumpeleka mtu msibani halafu umuulize kama ameifurahia harusi.

Hawa watu walianza 1965 kule Palo Alto, California, wakapiga karibu maonyesho 2,300 katika miaka thelathini, na nyimbo hazikupangwa vilevile usiku hadi usiku. Kwa hiyo swali si kama bendi ni nzuri. Swali ni usiku gani. Wewe umekulia Tanga, mimi sina haja ya kukufundisha chemko. Unajua wimbo unaanza polepole, waimbaji wanasema shida yao, halafu magitaa yanabadilisha na hakuna anayekumbuka tena shida ilikuwa nini. Hawa nao hivyo hivyo, ila chemko lao halina saa ya kuanza wala ya kuisha, na siku nyingine haliji kabisa. Siku lisipokuja, kweli, wanatafuta wimbo hawaupati. Hapo uko sahihi na sikubishii. Ndiyo maana mashabiki wao wakikutana hawaulizani "unapenda wimbo gani," wanaulizana tarehe.

Na tarehe zenyewe, ndugu yangu! Nilikuandikia 5/8/77, ukanijibu umetafuta Agosti tano hakuna kitu. Mmarekani anaanza na mwezi. Umeendesha lori nchi hii miaka yote hii, umesaini karatasi zao za mizigo ngapi? Ni Mei 8, 1977, Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, Ithaca, New York.

Lakini usianze na hiyo. Hapa ndipo mimi na Mudi tunapokosana, na najua ameshakupigia. Cornell ndiyo kila mtu anaitaja. Mpaka Maktaba ya Bunge la Marekani imeiingiza kwenye orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa. Ni nzuri, sikatai. Kipande cha pili cha onyesho, baada ya mapumziko, wanaanza kwa kuwaomba watu warudi nyuma hatua moja, maana wa mbele wanabanwa, halafu wanaingia wimbo wa Scarlet Begonias, na kutoka hapo wanateleza mpaka Fire on the Mountain bila kusimama. Sikiliza pale katikati: wimbo wa kwanza umeshaisha, wa pili haujafika, na besi ya Phil Lesh ndiyo pekee inayojua njia. (Phil naye ametutoka, Oktoba 2024, akiwa na miaka 84.) Shida ya Cornell ni kwamba imenyooka mno. Mtu akianza nayo, zote zinazofuata anaziona chafu, ndiyo huyo Mudi.

Wewe anza na Veneta. Umesema mzigo wako unaofuata unakwenda Eugene, Oregon. Veneta iko hapo hapo jirani, magharibi kidogo. Agosti 27, 1972, walipiga uwanjani kuchangia kiwanda kidogo cha maziwa cha watu wa huko, Springfield Creamery, kilichokuwa na hali mbaya ya fedha. Joto lilikuwa kali mpaka magitaa hayakai kwenye tyuni, na jukwaa limeelekezwa vibaya, jua la jioni linawapiga wanamuziki usoni. Unasikia kabisa wanavyohangaika. Wakati ule dramu anapiga Bill Kreutzmann peke yake, mwenzake alikuwa hayupo, na kwa maoni yangu bendi yenye dramu moja inakata kona haraka. Ukifika wimbo wa Dark Star, zaidi ya nusu saa, usiiguse simu. Usiongee na mtu. Dakika za mwanzo utasema "haya, Salimu na mambo yake." Subiri. Imetolewa rasmi 2013, nimeinunua na imo kwenye simu yako tayari, kwenye lile faili uliloliita "makelele."

Halafu jambo la mtandao, maana Wyoming unaijua, unaweza kwenda saa nzima bila alama hata moja ya simu. Kwenye Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni, rekodi zao zimo kwa maelfu, bure. Ila tangu mwishoni mwa 2005, zile zilizochukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye mitambo ya bendi unasikiliza papo hapo tu, hazishuki. Zinazoshuka ni za mashabiki, waliosimamisha maiki zao katikati ya watu. Kwa hiyo kabla hujatoka Ohio shusha za mashabiki za kutosha.

Na usizidharau. Mudi anazikimbia kwa sababu zina watu ndani yake. Mimi nazipenda kwa sababu hiyo hiyo. Ya mitamboni unasikia vyombo, ya ukumbini unasikia ukumbi: dari, miluzi, jamaa anayemuomba mwenzake kiberiti, na chemko likikaribia unasikia watu wamelijua kabla ya bendi. Bendi yenyewe iliwaruhusu. Kuanzia Oktoba 1984 pale Berkeley waliwatengea kabisa sehemu yao nyuma ya fundi mitambo, maana ile misitu ya maiki ilikuwa inawaziba wengine. Sharti lilikuwa moja, usiuze. Unabadilishana. Ukiwa mgeni huna cha kubadilisha, unamtumia mwenzako kaseti tupu na stempu za kurudishia, naye anakunakilia.

Yule mzee wa ghalani kwetu, uliyemwona siku ile ya nyama choma, kanipa boksi zima la viatu limejaa kaseti za Maxell za dakika tisini. Nimezitazama mpaka shemeji yako kanuna. Kwenye karatasi ya ndani ya kila kasha, kwa kalamu ya wino mweusi, herufi ndogo kama za dawa ya duka: tarehe, mji, nyimbo kwa mpangilio, na kamshale kadogo kati ya wimbo na wimbo pale ambapo bendi haikusimama. Pengine kaandika "imekatika," maana dakika arobaini na tano zimeisha na mtu anageuza upande wakati Garcia yuko hewani. Moja ameandika nakala ya ngapi. Kila nakala iliongeza vumo lake, ukifika ya nne au ya tano ni kama bendi inapiga kwenye mvua. Na watu waliipenda hivyo hivyo.

Sasa Hemedi, umeshajua ninakoelekea. Kanda za mjomba wako.

Nakumbuka ulivyosimulia siku ile kwa Mama Zuhura, kwamba mjomba alikuwa anabeba redio kaseti yake kwenda nayo dansini, anaiweka juu ya spika au chini ya meza, anarekodi bendi zilizokuja kupiga Tanga. Wewe ulisimulia kama kichekesho, kwamba nusu ya kanda ni vicheko na chupa. Mimi tangu siku ile sijakaa sawa. Nyimbo za bendi zetu tulizobaki nazo sehemu kubwa ni zile za studio za Redio Tanzania, zimepimwa, zimefupishwa zitoshe hewani. Ule usiku wenyewe, bendi ilipomwaga chemko na watu wakakataa kukaa, nani anao? Mjomba wako anao, chini ya kitanda, na Tanga ile ina joto na unyevu, na vijana wa nyumba ile wanahitaji kaseti za… sijui siku hizi wanahitaji kaseti za nini, lakini kuna mtu atazitupa tu.

Kuna mama mmoja, Betty Cantor-Jackson, alikuwa fundi mitambo wa hawa Grateful Dead. Ile Cornell ni mkono wake. Kanda zake alizihifadhi ghala la kukodi, kodi ikamshinda, na 1986 zikapigwa mnada pamoja na vitu vyake. Zikatawanyika kwa wanunuzi, nyingine zikaja kukutwa zimeota ukungu. Watu walihangaika miaka kuzisafisha, na Cornell haikutoka rasmi mpaka 2017, miaka arobaini kamili. Hiyo ni Marekani, penye pesa na mashabiki wazima wazima wanaojua walichokitafuta. Kwetu ni mimi na wewe, na wewe unataka kubaki na mpira.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Desemba ukienda nyumbani, kaa na mjomba. Sisemi uzichukue, zake ni zake. Mwombe mkazisikilize pamoja, na mashine ya kunakilia nitakupa mimi, ndogo, inaingia kwenye begi la mkononi. Asizichezeshe kwenye ile redio yake kabla hujaisafisha kichwa kwa pamba na spiriti, na kanda iliyolegea izungushe kwanza kwa kalamu, taratibu. Mwambie akutajie na majina: bendi gani, ukumbi gani, nani alikuwa kwenye solo. Andika kila anachosema, hata akibahatisha mwaka. Mudi yuko radhi kuchangia nauli ya mzigo ukizidi kilo. Unaona? Hata Mudi.

Na mimi kwa upande wangu nalipa kwa kanuni ya hawa wazee, kanda kwa kanda. Wewe mtu wa saksafoni, nimekutafutia Machi 29, 1990, Nassau Coliseum, New York. Branford Marsalis, mpiga saksafoni wa jazz, alikaribishwa wimbo mmoja kipande cha kwanza, wakaona hawawezi kumwachia, akabaki kipande cha pili. Anza na Eyes of the World. Saksafoni inaingia kwa adabu kabisa, kama mkwe, na baada ya dakika chache yeye ndiye mwenye nyumba. Hiyo weka usiku, Nebraska, barabara imenyooka huna cha kufanya.

Mudi atakuambia pia usikilize ya Misri, Septemba 1978, walipopiga chini ya piramidi za Giza, eti kwa kuwa ni Afrika. Msikilize nusu. Bendi yenyewe ilikuwa hovyo, Kreutzmann amevunjika mkono anapiga dramu kwa mmoja, piano haina tyuni, na mpango wa kutoa santuri ulitupwa mpaka 2008. Lakini kuna mahali pamoja. Mwanamuziki Mnubi, Hamza El Din, yuko jukwaani na wenzake wa kwao, makofi na dufu tu, makofi yenyewe yanazunguka kwa namna ambayo ukijaribu kuyafuata mguu unakosea. Wale wazungu wanaingia mmoja mmoja kwa woga, gitaa moja, halafu jingine. Pale hawafundishi mtu. Sehemu hiyo isikilize, nyingine zote ziruke.

Haya, nijibu sasa. Unaondoka lini kwenda Eugene, na unarudi kwa njia ile ile? Lori jipya lina spika za maana au unasikilizia kwa simu iliyolala kwenye kikombe, maana kama ni hivyo kesi yote hii inafutwa. Tiketi ya Desemba umekata? Mjomba bado yuko nyumba ile ile ya Ngamiani au amehamia kwa binti yake, na kama amehama, makaseti yalihama naye? Una uhakika ni dansi, hayakuchanganyika na mawaidha? Nani mwingine wa enzi zile alikuwa anarekodi, yule jirani yenu fundi redio yupo? Na ile pesa ya tairi, Mudi amekurudishia?

Jibu kwa maandishi tafadhali. Ujumbe wako wa sauti wa mwisho nusu yake ulikuwa unatafuna, na ile nusu nyingine ni injini.

Ndugu yako,
Salimu