Barua ya wazi kwa mabinti wa kriketi: mwenzenu alirudi, mkampa kisogo

Wanangu,

Jumamosi iliyopita nilikaa chini ya mwembe kuwatazama mkifanya mazoezi, nikarudi nyumbani moyo umenichafuka. Mwenzenu alikuja na mtoto wa miezi saba mgongoni. Mkamlaki, mkamfinya mtoto mashavu, mkapiga picha. Mlipogawana timu, hamkumtaja. Mmoja wenu akasema, “Huyu sasa ni mama, awaachie wengine.” Sauti yake naijua. Hakuna aliyemjibu. Mwenzenu akakaa saa mbili amevaa raba zake, kisha akaondoka bila kushika mpira.

Huyo ndiye mrushaji aliyewafundisha nusu yenu namna ya kushika mshono wa mpira. Mmesahau?

Nitawasimulia habari za Enid Bakewell, mchezaji wa kriketi wa Uingereza, maana naona hamjui mama ni nani. Alizaliwa 1940 huko Newstead, kijiji cha wachimba makaa ya mawe katika kaunti ya Nottinghamshire, Uingereza. Baba yake alikuwa mchimba makaa. Alichezea kaunti yake na timu ya East Midlands, akapiga na kurusha pia, kwa mkono wa kushoto, mpira wa taratibu unaopinda. Watu wa soka wangemwita kiraka, mchezaji wa kila nafasi. Mimi neno hilo silipendi kwake: kiraka huziba palipotoboka, na yeye alikuwa nguo nzima.

Mwaka 1968 alichaguliwa kwenda na timu ya Uingereza kuzuru Australia na New Zealand. Alikuwa ameshazaa. Binti yake alikuwa mdogo bado, akabaki nyumbani na jamaa. Isitoshe, wachezaji walijilipia safari wenyewe, kwani chama cha kriketi ya wanawake hakikuwa na fedha. Fikirini uzito huo: unamwacha mwanao, unatoa senti zako, unavuka bahari miezi kadhaa kwa mchezo usiokulipa hata shilingi. Katika mechi yake ya kwanza ya Test, ile mechi ya kimataifa ya siku kadhaa, mjini Adelaide, akapiga mikimbio 113, ndizo alama za mpigaji. Ziara ilipokwisha alikuwa na mikimbio 1,031 na wiketi 118, yaani wapigaji 118 aliowatoa. Mama huyo!

Hakuishia hapo. Mwaka 1973 wanawake walicheza Kombe la Dunia la kriketi, miaka miwili kabla ya wanaume kuwa na la kwao. Mechi ya mwisho, iliyoamua bingwa, ilichezwa uwanja wa Edgbaston dhidi ya Australia. Bakewell akapiga 118 na kuchukua wiketi mbili, na kombe likabaki Uingereza. Halafu 1979, uwanja huohuo, dhidi ya West Indies, akiwa na miaka 38, umri ambao ninyi mngemwita bibi. Ngwe ya kwanza, yaani zamu ya kwanza ya timu yake kupiga, alipata 68. Ya pili timu nzima ilipata 164, na kati ya hizo 112 zilikuwa zake, wala hakutolewa. Katika mechi hiyohiyo alichukua wiketi kumi. Mwingereza wa kwanza kupata mikimbio mia na wiketi kumi katika mechi moja ya Test ni yeye, na hapo nawahesabu wanaume wote.

Sasa niambieni: wenzake wangesema 1968 “huyu ni mama,” hayo yote yangetoka wapi?

Mimi nilicheza netiboli. Nilipojifungua kifungua mimba wangu hakuna aliyenikataza kurudi. Hakuna aliyenifukuza. Hawakuniita tu. Nilisubiri msimu mmoja, nikasubiri wa pili, nikazigawa raba zangu. Nina wajukuu sasa, na bado nikisikia filimbi ya mwamuzi mahali hushtuka. Ndiyo maana Jumamosi ile iliniuma hivi.

Wala lawama si zenu peke yenu. Nawaambia na baba zenu, waume zenu, na wazee wa klabu: mwanamume akipata mtoto hupongezwa na kesho yake yuko uwanjani. Hakuna anayemuuliza mtoto kamwachia nani. Huko Uingereza kwenyewe haki ilichelewa. Mikataba ya kwanza ya kulipwa kwa wachezaji wanawake wa timu ya taifa ilikuja 2014, na ni 2025 tu ambapo kaunti nane zilianza kuendesha timu kamili za wanawake wa kulipwa. Enid alikuwa na miaka zaidi ya 80. Sasa mkimsubiri kiongozi awatengenezee mahali pa kunyonyeshea kabla hamjamkubali mwenzenu, mtasubiri hadi mzeeke. Leteni mkeka na chandarua. Vinatosha kuanzia.

Mengine ni mafupi. Nyoosheni viungo kabla ya kurusha. Anayepiga vizuri ajifunze na kurusha. Msibishane na mwamuzi. Andikeni alama zenu wenyewe kwenye daftari, kwa sababu hakuna mwingine atakayeziandika. Na kunyweni maji, wanangu, jua hili si la mchezo.

Nimeshaongea na mwenzenu. Alilia kidogo, kisha akaniuliza kama mpira mpya umefika. Jumamosi hii atakuja saa mbili asubuhi. Mtoto nitambeba mimi, khanga ninayo. Nahodha, ova ya kwanza, ile mipira sita ya kufungulia, mpe yeye.

Mwalimu wenu wa zamani