Safari ya visiwa: soma kabla hujafunga begi

Jamani, habari za asubuhi. Likizo ndiyo hiyo, na safari iko palepale.

Begi liwe moja tu, la mgongoni. Visiwa vingine havina gati: unashukia majini, maji ya magoti, mzigo kichwani. Sanduku la magurudumu litatutesa sote. Simu na vitambulisho vifungeni kwenye mfuko usioingiza maji.

Tutapanda feri za asubuhi, maana mchana upepo ukishaamka bahari huchafuka. Wanaosumbuliwa na kichefuchefu, dawa humezwa kabla ya kupanda, siyo ukishaanza kutapika. Kaeni katikati ya chombo, macho kwenye upeo wa bahari.

Boti ya kukodi tunachangia sawa, kwa hiyo mmoja akijitoa dakika za mwisho, pengo linawaangukia wenzake. Naombeni mthibitishe na kutuma mchango kabla ya Ijumaa jioni. Boti isiyo na majaketi ya kuokolea ya kututosha hatupandi, hata ikiwa nusu bei. Hapo sibishani na mtu.

Bebeni pesa taslimu. Visiwa vidogo mara nyingi havina benki. Usiku wa mwisho tutalala bara, ili hali ya hewa ikizuia vyombo tusikose kufungua shule.

Mwenye swali aulize hapahapa, wote tuone jibu.