Barua ya wazi kwa shangazi yangu aliyerudi kitandani

Shikamoo shangazi,

Nimeamua kukuandikia hadharani, bila kutaja jina lako, kwa sababu kila ninapopiga simu unanijibu "sijambo mwanangu, tunamshukuru Mungu", kisha unampa simu mtu mwingine, nami nabaki na maneno yangu yote kifuani. Tena najua kwamba wapo wengine waliolala leo wakiwa wamegeukia ukuta kama wewe, nyonga zao mpya zikiwa zimewaletea mtihani wa pili kabla ya ule wa kwanza haujaisha, na huenda hawana mtu wa kuwaandikia.

Nimeambiwa yote yaliyotokea. Ilikuwa wiki ya 6 tangu ubadilishiwe nyonga. Wajukuu walikuwa wamekuja, ulitaka wale wali wa nazi wa mkono wako, binti anayekusaidia alikuwa ametumwa dukani, na kibao cha mbuzi kilikuwa palepale nyuma ya mlango wa jiko, mahali kinapokaa miaka yote. Ulikifungua, ukakikalia, ukakuna kizio cha kwanza bila maumivu yoyote. Sinia likasogea, ukanyoosha mkono kulivuta, ukainama kidogo tu, ukasikia kitu kikishtuka ndani ya paja, na hukuweza kuinuka tena. Mguu ulikuwa umefupika, vidole vimegeukia ndani. Hospitali walikupa dawa ya usingizi, wakaivuta nyonga na kuirudisha mahali pake bila kukupasua upya, na siku ya pili ukarejeshwa nyumbani. Sasa ni wiki 2 hutaki kushuka kitandani ila kwa haja, magongo yameegeshwa nyuma ya kabati, na umemwambia baba kwamba ulijitakia mwenyewe.

Neno hilo ndilo lililonikalisha kuandika, shangazi, kwa sababu si la kweli na linakuumiza kuliko nyonga yenyewe.

Ulichowekewa ni mpira mdogo uliofungwa juu ya shina la chuma lililoingizwa ndani ya fupa la paja, nao unazunguka ndani ya kikombe kilichopandikizwa kwenye fupanyonga. Nyonga uliyozaliwa nayo ilikuwa imefungwa pande zote na mfuko mgumu wa nyama na kano, lakini daktari hawezi kuifikia bila kuukata mfuko huo, na baada ya kuushona huhitaji majuma kadhaa, mara nyingi 6 hadi 12, ili ushikane vizuri. Katika kipindi hicho kinachouzuia mpira usichomoke ni misuli yako na jinsi unavyokaa. Wewe ulipasuliwa kwa nyuma, kama mimi nilipobadilishiwa nyonga yangu. Kwa hiyo goti likipanda juu kuliko nyonga na kiwiliwili kikainamia mbele, shingo ya lile shina hugonga ukingo wa kikombe, na mpira hutolewa kwa nyuma kama mtu anayeng'oa kifuniko kwa kijiko. Kibao cha mbuzi hakifiki hata nusu ya kimo cha kiti. Mtu akikikalia, magoti yake yanakaribia kifua, na kukuna ni kazi ya kuinama mbele. Katika nyumba nzima hakuna kitu ambacho kingeweza kuitegua nyonga yako kwa urahisi zaidi ya hicho.

Na nani alikwambia? Siku ya kuruhusiwa nilikuwepo. Uliambiwa usichuchumae na usikunje nne, maneno ya dakika mbili, yakisemwa na mtu mwenye foleni ndefu nje ya mlango. Hakuna aliyekuuliza nyumbani unakalia nini. Hakuna aliyetaja kibao cha mbuzi, wala kigoda cha kufulia, wala mkeka, wala kile kitanda chako cha kamba kilichobonyea katikati. Mimi niliyekwisha kupitia njia hiyo ningepaswa kuzunguka nyumba na kuvitoa vitu hivyo kimoja kimoja, lakini nilikuja na matunda, nikakaa nusu saa, nikaondoka. Ukitafuta wa kulaumiwa, anzia kwangu.

Unakumbuka watu walivyoshangaa niliposema nabadilishiwa nyonga nikiwa na miaka 34. Wamezoea kuyaona haya kwa wazee ambao viungo vyao vimesagika. Selimundu, ugonjwa wa damu niliozaliwa nao, haisubiri uzee. Chembe za damu zilizopinda huziba vijishipa vinavyolisha kichwa cha fupa la paja, mfupa ukakosa damu, ukafa, ukabomoka. Nilipotoka hospitali nilikuwa na matumaini makubwa kuliko nguvu. Nilitundika kalenda ukutani, ile yenye picha za mbuga, na kila jioni niliandika kwa kalamu nyekundu idadi ya hatua nilizotembea kwa magongo kutoka kitandani kuelekea barazani. Siku ya kwanza niliandika 4. Siku ya kumi nikaandika 40. Mwisho wa wiki ya 3 nilikuwa nimefika 110 na nilijiona nimekwisha kupona.

Wiki ya 4 selimundu ikaniamkia. Sikutegukwa kama wewe, lakini maumivu yalinishika mgongo na mapaja yote mawili, nikarudishwa wodini siku 6 nikiwa na dripu mkononi. Niliporejea nyumbani visanduku sita vya kalenda vilikuwa vitupu. Nikasimama, nikajaribu, nikafika hatua 12, nikalia mbele ya mama kwa sauti ambayo hata yeye hakuwahi kuisikia. Niliing'oa ile kalenda, nikaikunja, nikaisukuma chini ya godoro, na kwa siku nne sikumruhusu mtu anishike mkono. Nilikuwa nimeshawishika kabisa kwamba mwili wangu umenikataa.

Aliyenitoa hapo ni mtaalamu wa mazoezi tiba aliyekuja nyumbani siku ya tano. Hakunitia moyo kwa maneno mengi. Aliniomba niketi tu ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, kisha akauliza siku ya kwanza kabisa nilitembea hatua ngapi. Nikasema 4. Akauliza niliporudi kutoka wodini nilitembea ngapi. Nikasema 12. Akanyamaza, akaanza kunifunga mkanda wa kiuno ili anisimamishe. Nilikuwa nimepima 12 kwa kuilinganisha na 110, na kwa kipimo hicho nilikuwa mtu aliyeanguka. Lakini kidonda changu kilikuwa kimefunga, nyuzi zimetolewa, paja limejua tena kubeba uzito, na hakuna hata kimoja katika hivyo kilichokuwapo siku ile ya hatua 4.

Nakuomba ufanye hesabu hiyo hiyo, shangazi. Mshono wako umepona na haukufunguliwa. Eksirei waliyokupiga baada ya kuirudisha nyonga ilionyesha kikombe hakijasogea na shina limekaa sawa. Baba amenisomea karatasi kwenye simu. Wengi wanaotegukwa mara moja katika miezi ya mwanzo, tena kwa sababu inayojulikana kama yako, nyonga ikisharudi hutulia na hawategukwi tena. Ulipoteza siku na ulipata hofu. Nyonga hukupoteza.

Niseme pia jambo ambalo mimi lilinisaidia, ingawa wengine huliona liko mbali. Nyonga hizi tunazobeba zimetokana na kazi ya daktari Mwingereza, John Charnley, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Wrightington. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alitengeneza vikombe vya Teflon, plastiki inayoteleza sana, akiamini amepata jibu, akawawekea wagonjwa wengi, nao wakatembea kwa furaha. Baada ya miaka michache Teflon ikasagika, ikaacha ungaunga ndani ya viungo, na ikambidi awarudishe watu wale mezani kuvitoa vikombe hivyo. Alifika hadi kujipandikiza vipande vya malighafi hizo katika paja lake mwenyewe ili aone mwili unavyovipokea. Mwaka 1962 akaanza kutumia plastiki ngumu ya polithilini, na vikombe vya plastiki za ukoo huo huo ndivyo vinavyotumika hadi leo duniani kote. Nilipokuwa nimelala na kalenda yangu chini ya godoro nilimfikiria sana mtu huyu, na zaidi wale wagonjwa wake waliorudi wodini wakidhani yote yameharibika.

Baba amenieleza jingine linalokukera, kwamba unaona aibu kuswali ukiwa juu ya kiti, na baada ya kuteguka umeliona kama adhabu. Wewe ndiye uliyenifundisha kisa cha Imran bin Husayn, sahaba aliyekuwa mgonjwa, akamwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala, akaambiwa aswali amesimama, asipoweza aswali amekaa, na asipoweza aswali kwa ubavu. Ulinifundisha nikiwa na miaka 9, nimelazwa, nikilia kwa kuwa siwezi kurukuu. Kiti kiwe kirefu, rukuu na sijda uziashirie kwa kichwa, usiinamishe kiwiliwili hadi chini, na mtu akuwekee msala miguuni kama moyo wako unautaka.

Kuna jambo ambalo sitalisema kwa upole. Nimesikia jirani ameahidi kukuletea mchuaji mwenye mafuta ya moto ili "airudishe nyonga vizuri". Tafadhali asikuguse. Hakuna mchuaji anayeweza kujua kwa vidole kikombe kimeelekea wapi, na akiuvuta mguu au kuuzungusha anaweza kukutegua tena. Kibaya zaidi, mtu aliyefanyiwa upasuaji huu akalala bila kujongea yumo katika hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya mguu; kuukandakanda mguu wenye donge la damu kunaweza kulisukuma lielekee kwenye mapafu. Ndiyo maana zile sindano za tumboni ulichomwa hata baada ya kutoka hospitali, na ndiyo maana kulala kutwa kunanitia hofu kuliko kutembea kwako. Kigimbi kikivimba ghafla na kuuma upande mmoja, pumzi ikikubana, mshono ukitoa maji au usaha, homa ikapanda, au mguu ukafupika tena, usisubiri mtu amalize swala ya ijumaa wala mvua ikatike. Mwamshe yeyote aliyepo akupeleke. Uvimbe wa jioni unaopungua ukiinua mguu usikutishe, huo unaweza kuendelea kwa miezi.

Kuhusu hofu yenyewe, mimi sikuishinda. Niliizoea tu. Kila nilipotaka kusimama niliambiwa nisogee hadi ukingoni mwa kiti, niutangulize mbele mguu uliopasuliwa, nisukume kwa mikono, na ninyanyuke kifua kikiwa wima. Nilifanya hivyo mbele ya mama, mara tano asubuhi, mara tano jioni, bila kupiga hata hatua moja, mpaka mwili uliponiamini. Kwenye ngazi mbili za baraza lako, ukipanda utangulize mguu mzima, ukishuka utangulize ule uliopasuliwa pamoja na magongo. Siku watakapokuruhusu kubaki na fimbo moja, uishike kwa mkono wa upande wa pili wa nyonga mpya, ingawa kila mtu mtaani atakwambia umekosea mkono. Wakati wa kulala weka mto katikati ya mapaja. Usigeuke kwa kuuzungusha mguu ukiwa umeukanyagia. Piga hatua ndogondogo mpaka uelekee unakotaka.

Jumamosi nakuja, na safari hii sileti matunda. Nimezungumza na seremala wa pale karibu na soko. Kiti cha chooni anakitoboa na kukiinua, na kitanda chako atakiongezea miguu hadi godoro lifike juu ya kimo cha magoti yako. Nilimpa kipimo cha kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, baba alikupima ukiwa usingizini, usimkasirikie. Nimemwomba pia alitoe jino la kile kibao cha mbuzi na kulifunga kwenye ukingo wa meza ya jikoni, ili siku daktari atakapokuruhusu ukune ukiwa umesimama. Mpaka wiki 12 zipite, zikihesabiwa upya tangu siku uliyoteguka, nitakuna mimi. Wewe utatoka chumbani kwa magongo, utakalia kile kiti kirefu cha babu chenye mikono, utawekewa bakuli mezani, na utakamua tui. Kutoka kitandani kwako hadi kwenye kiti hicho ni hatua 14, nimezihesabu kwa kumbukumbu ya miguu yangu. Kalenda ninayo kwenye mkoba, pamoja na kalamu nyekundu.

Nazi nitanunua njiani.

Mwanao