Barua kwa mwanangu: huyo mdogo msimwache melini

Mwanangu,

Voisi yako niliisikiliza jana usiku, nikairudia asubuhi kabla sijaenda kukamua, na nimeona bora nikuandikie manake kwenye simu ukishaanza "mama usijali" mimi nashindwa kumaliza ninachotaka kusema. Kwamba mnapandia meli Barcelona, sawa. Kwamba mnapita Marseille na Genova, sawa, nimefurahi. Ila hapo Napoli uliposema mdogo atabaki kwenye klabu ya watoto melini, wewe na mwenzio mshuke na mkubwa mwende Pompeii kwenye yale magofu, hapo mwanangu usingizi uliniruka.

Msimwache. Mshuke naye.

Najua utakachosema. Utasema wale wahudumu wamesomea kazi ya watoto, ana bangili mkononi inayoonyesha yuko wapi, hatolewi mpaka mzazi aje mwenyewe, na kuna Mickey Mouse na michezo, mtoto hata hatakumbuka kama hampo. Nakubali yote. Wahudumu siwatilii shaka hata kidogo. Shaka yangu ni ile njia ya kutoka Pompeii kurudi bandarini. Mkikwama nyie nchi kavu na meli ikang'oa nanga, mtoto wa miaka 4 anakwenda na nani? Anakwenda na meli. Anaamka kesho yuko bandari nyingine, na nyie mko Napoli mnatafuta treni ya kumfuata. Mtoto kuona wenzake wote wamekuja kuchukuliwa na yeye mama yake haonekani, we hilo unalijua kuliko mimi. Ya Uyole sitayaandika hapa.

Mdogo wako amenifungulia ramani kwenye simu yake, tumekaa nayo mpaka bando likaisha. Meli za abiria pale Napoli zinafunga Stazione Marittima, katikati ya mji kabisa, hilo ni zuri. Lakini Pompeii iko mbali, kilomita kama 25, na mkienda kivyenu mtapanda ile treni ya Circumvesuviana, mshukie Pompei Scavi. Hiyo treni nimesoma mambo yake. Inajaa, kiangazi watu wanasimama kama magunia, inachelewa, na siku wafanyakazi wakigoma ndo basi tena. Sasa wewe na kuchelewa kwako. Mwanangu nakupenda ila kuchelewa kwako tunakujua wote, hata siku ya send-off yako mshereheshaji alishaishiwa maneno ndo ukaingia.

Alafu kuna habari ya saa. Kwenye ile ratiba uliyonitumia wameandika mwisho wa kupanda ni 17:30, yani saa kumi na moja na nusu jioni, na meli inaondoka saa kumi na mbili. Simu yako itajirekebisha yenyewe, sawa, lakini saa ya mkononi ya mkwe wangu haijirekebishi, itakuwa bado inasoma ya Uingereza, ambako wako nyuma ya Italia saa nzima. Yeye akiangalia mkono ataona saa kumi na nusu, atasema bado tuna muda tukale aiskrimu, kumbe mlango unafungwa. Muambie airekebishe mkiwa Barcelona, tena mbele ya macho yako, usiseme nitamkumbusha. Mimi huku nitakuwa mbele yenu saa moja, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu jioni ya Tukuyu nitakuwa nimeshika simu na sitaiweka chini mpaka nione meseji.

Nyie mlikua mnasikia habari za MV Songea pale Itungi, meli ikichelewa kutoka sababu mama fulani mizigo yake bado iko njiani, nahodha anaambiwa, anangoja. Hizo za huko hazingoji mtu. Bandari wanatozwa, bandari ya mbele wameshapangiwa saa ya kuingia, na abiria ni maelfu, hawawezi kusimama kwa ajili ya watu watatu. Kitu kimoja tu nimekielewa vizuri: mkienda na safari iliyopangwa na meli yenyewe, basi lao likikwama njiani meli inasubiri, kwa sababu ni mzigo wao. Mkienda kivyenu, mzigo ni wenu. Ni ghali, najua, mara mbili ya treni au zaidi. Lipeni. Kama tatizo ni hela ya mtu wa nne, sema, nitauza yule ndama dume, sitanii.

Watu wa huku wakisikia meli wanaanza kunitajia MV Bukoba ya 1996, shangazi yako ndo kabisa kaanza kufunga na kuomba. Mimi kuzama hakunitishi kiasi hicho. Yale mazoezi ya dharura ya siku ya kwanza mhudhurie wote, mjue sehemu yenu ya kukutania iko wapi, basi. Kinachonikaa kooni ni huyo mtoto.

Na usifikiri nakukataza Pompeii. Mimi nimefundisha darasani miaka yote ile nikichora Vesuvius ubaoni kwa chaki, mwaka 79, majivu yakafunika mji, watoto wanaandika kwenye daftari, na sijawahi kufikiri kwamba wa tumboni mwangu atakanyaga pale. Mkubwa lazima aone. Mwoneshe barabarani yale mawe makubwa yaliyowekwa katikati, watu walikuwa wanavukia juu yake wasikanyage uchafu wa njia, na pembeni ya hayo mawe uone mikwaruzo mirefu iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni, jiwe limelika kabisa. Mwambie aingize mkono apime kina kwa vidole, kama hawakatazi. Na wale watu wa plasta. Mwaka 1863 bwana mmoja Giuseppe Fiorelli aligundua kwamba ndani ya majivu yaliyoganda kuna uwazi ulioachwa na miili iliyooza, akamimina plasta, ikaganda, wakachimba pembeni, ikatoka sura ya mtu alivyolala, hadi mikunjo ya nguo. Kuna watu wazima na watoto humo. Mdogo mpitishe haraka hapo, ila mkubwa ana miaka 10, muache aangalie na aulize, na umjibu ukweli.

Hayo mawe ndo maana kigari cha mtoto hakifai kule, magurudumu yatakwama. Chukua kile kitenge nilichokupa, mdogo akichoka mfunge mgongoni. Najua amekua, ila mgongo wa mama yake bado unambeba, na wewe siku nzima wodini unanyanyua wagonjwa wazima. Maji mbebe, kofia mbebe, Julai kule jua ni la kuchoma na kivuli hamna. Watoto wenye chini ya miaka 18 hawalipi kiingilio, kwa hiyo hapo mmeokoa kitu.

Halafu huyo mkubwa mwambie kwamba Vesuvius una mita 1,281 tu. Rungwe wetu unakaribia 2,960, na nao ni volkano vilevile, na lile ziwa la Ngozi limekaa ndani ya kreta, na udongo huu mweusi unaotupa ndizi na chai ni kazi ya moto huo huo. Kule kwao wanalima nyanya na zabibu. Vesuvius umelipuka mara ya mwisho 1944, vita vikiendelea, Kyejo wetu hapa mara ya mwisho ni kama 1800. Inaniuma mjukuu wangu anakwenda kuuona mlima wa moto wa watu kabla hajauona wa babu yake. Likizo hii nilijua mnakuja huku. Nilishapaka rangi kile chumba cha uani. Basi, yameisha hayo, mmeshalipa, ila mwaka kesho sitaki kusikia habari ya bahari.

Kama hilo basi la meli limejaa, Pompeii muiache, mbaki mjini. Ukitoka tu pale Stazione Marittima unaiona ngome nyeusi yenye minara mikubwa ya duara, Maschio Angioino, imejengwa kuanzia 1279, na katikati ya minara miwili kuna tao jeupe la marumaru. Mwambie mkubwa hiyo ndo alama, mkipotezana kila mtu arudi chini ya lile tao. Piazza del Plebiscito mnatembea kwa miguu, ile Galleria yenye paa la vioo pia, watoto watapenda. Mle ile pizza wanayoikunja mara nne unashika mkononi unatembea nayo, hao mafundi pizza wa Napoli UNESCO waliwatambua 2017. Na kuna mtaa unaitwa San Gregorio Armeno, mafundi wanatengeneza kina Yosefu na Mariamu na wachungaji mwaka mzima, sio Krismasi tu. Nataka mchungaji mmoja mdogo wa udongo, hata awe na kondoo mmoja, niweke kanisani Desemba. Mfunge vizuri kwenye soksi asivunjike. Mkoba ubebe kwa mbele, vibaka wapo.

Capri msijaribu kabisa. Boti zinaondokea hapo hapo Molo Beverello jirani na meli yenu, mtaona ni karibu, ila bahari ikichafuka zinasimamishwa na nyie mko kisiwani.

Pasipoti. Watoto na baba yao wana za huko, wewe bado unatembea na ya kwetu na viza ya Schengen imebandikwa humo, kwa hiyo wewe ndo utakayesumbuka zaidi mkiachwa. Kama wa meli hawajaichukua kuitunza, shuka nayo, au walau kopi yake na picha ya viza kwenye simu. Na namba ya wakala wa meli pale bandarini, huwa wanaiandika kwenye lile karatasi la kila siku, iandike kwenye karatasi, kwa kalamu, mwekee na mkubwa moja mfukoni. Simu huisha chaji.

Jana kwenye maombi ya nyumba kwa nyumba nimewasomea Matendo 28, Paulo ametoka kuvunjikiwa meli Malta anashuka Puteoli, ndo hiyo Pozzuoli iko jirani tu na Napoli, akakaa na ndugu siku saba. Nikawaambia mwanangu anapita huko huko. Mama mchungaji akasema haya, watoto wa Mwakaleli wamefika kwenye Biblia. Nilijisikia vizuri mwanangu, siwezi kukuficha. Umesoma kwa taabu, umelea, unalipa ada ya mdogo wako, na bado umeweza kuwapeleka watoto wako mahali ambapo mimi nilikuwa nachora ubaoni. Ila sura ya 27 pia nimeisoma: Paulo aliwaonya kabla, wakaona nahodha anajua zaidi. Wewe nisikilize mimi.

Huku baridi ni kali, ukungu unashuka mpaka saa nne asubuhi haujaondoka. Maharage tumevuna, bado kupiga. Bibi yako magoti yanamsumbua, ile dawa ya kuchua uliyotuma imeisha, safari hii tuma mbili. Ng'ombe mweusi kapunguza maziwa, nadhani ni pumba zile mpya, nimerudi kwenye za zamani. Fundi bati kaja kapima upande wa jikoni, anasema mbao mbili zimeoza, kwa hiyo hesabu niliyokupa mwanzo itaongezeka kidogo, kaka yako ana karatasi yake. Usitume sasa hivi, maliza kwanza habari ya safari, ila fundi anataka jibu kabla mvua hazijaanza maana akishashika kazi ya shule ya kule chini hatumpati tena.

Naomba vitu viwili tu unijibu leo, usinitumie emoji. Kwanza, mdogo anashuka na nyie Napoli, ndio au hapana. Pili, ni basi la meli au mnabaki mjini. Ukishanijibu hayo nitakaa kimya mpaka siku yenyewe. Msalimie mkwe wangu, muambie ile saa.

Mama yako