Risala ya Wachongaji kwa Mgeni Rasmi: Mbwa wa Marumaru na Jina la Fundi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Wazazi, walezi na vijana mnaohitimu leo,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi karakanani. Tumefagia tangu alfajiri, lakini vumbi la mpingo halina adabu. Ukifika nyumbani utalikuta kwenye kola.

Ndugu Mgeni Rasmi, idadi ya wanachama na historia ya kikundi vimo kwenye karatasi uliyopewa mlangoni. Hapa tunaomba tukusimulie habari za mbwa.

Mbwa huyo ni wa marumaru. Amekaa kitako, kichwa kakigeuza pembeni kama aliyesikia hatua za mtu, na kimo chake ni mita moja na kidogo. Yuko London, katika jumba la makumbusho la British Museum. Alichongwa zama za dola ya Warumi kwa kuiga sanamu ya Kigiriki ya shaba nyeusi, ambayo yenyewe ilikwisha kupotea.

Katika karne ya 18, vijana wa mamwinyi wa Uingereza walikuwa na desturi ya kuzunguka Ulaya, wengine kwa mwaka mzima au zaidi, na kilele cha safari kilikuwa Italia. Walitaka kurudi na kitu cha kuweka ukumbini kwao. Roma ikajaa madalali wa sanamu za kale. Ikajaa pia mafundi wa kuziunga, na mashuhuri wao alikuwa Bartolomeo Cavaceppi: sanamu iliyokosa mguu huitia mguu, iliyokosa pua huitia pua. Miaka ya 1750, katika lundo la mawe kwenye karakana yake, kijana mmoja, Henry Constantine Jennings, akamwona mbwa wetu. Akamnunua kwa skudi 400, yaani kama pauni 80.

Mbwa akaitwa mbwa wa Jennings, na Jennings mwenyewe akabatizwa jina la utani la mbwa wake. Mwaka 1778 madeni ya kamari yalimbana, akamuuza kwa pauni 1,000. Bei hiyo ilizua mjadala mezani London, mwanazuoni Samuel Johnson akiwepo. Mmoja wao, akiyapindua maneno ya Mhubiri katika Biblia kwamba mbwa hai ni bora kuliko simba mfu, alisema kwa bei hiyo mbwa mfu amempita simba aliye hai. Johnson akamjibu kwamba kinachothaminiwa pale si kitu chenyewe, ni ustadi wa kukifanya. Sisi wachongaji tungempa kiti cha mbele leo. Mwaka 2001 British Museum walimnunua mbwa huyo kwa pauni 662,297, baada ya wananchi kuombwa wachange.

Tunamjua aliyekuwa naye Roma, aliyemnunua na aliyemuuza. Hata mkia wake uliovunjika umepewa mwenyewe: walidai ni mbwa wa Alcibiades, yule mkuu wa Athens aliyemkata mbwa wake mkia. Aliyeshika patasi ndiye hatumjui.

Wapo waliobahatika. Vatican kuna Ukumbi wa Wanyama, ambako Francesco Antonio Franzoni, mzaliwa wa Carrara, aliunga vipande vya kale na kuchonga wanyama wapya kwa ajili ya Papa Pius VI. Jina lake lipo mpaka leo.

Ndugu Mgeni Rasmi, nasi tunachonga wanyama wa kubebwa na wasafiri. Dalali anakuja, anachagua, anabandika karatasi ya duka lake chini ya kwato. Mwaka jana mwenzetu mmoja alionyeshwa kwenye simu picha ya kifaru anayeuzwa ng'ambo, imeandikwa tu "kazi ya mikono, Afrika". Alimtambua kwa sikio la kushoto, lenye ufa alioziba mwenyewe kwa gundi na unga wa mpingo. Alikaa kimya siku nzima, tezo iko miguuni.

Kwa hiyo ombi letu ni moja, mengine yatasubiri. Tusaidie tupate mihuri ya moto, kila mchongaji na wake, na daftari la kikundi litakalotambuliwa na ofisi ya utamaduni, ili kila mnyama anayetoka hapa atoke na jina la fundi. Gharama tumeziambatisha. Nusu yake tumekwisha kuichanga.

Mwisho, pokea zawadi yetu. Mmoja wa wahitimu wa leo amekuchongea mbwa yule kwa mpingo, kwa kutazama picha, akampiga msasa mara tatu na kumng'arisha kwa rangi ya viatu. Tulimwambia auvunje mkia ili afanane na wa London, akakataa katakata. Ukimgeuza, chini ya mguu wa nyuma, utalikuta jina lake. Kalichora kwa msumari, maana muhuri bado hatuna.

Tunaomba kuwasilisha.