Mvumo hautibiwi kwa kukata waya wa ethi

Mhariri,

Amplifaya yangu ndogo ya gitaa, ya valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti), ilianza kuvuma kama mzinga wa nyuki. Fundi mmoja akanishauri nikate waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Kweli kelele ilipungua, ila siku niliposhika nyuzi na maikrofoni kwa pamoja, umeme ulinirusha! Nikaurudisha waya huo upesi.

Baadaye nilifunga sauti kabisa. Mvumo ukabaki vilevile, mzito, wa hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), maradufu ya hezi 50 za umeme wetu. Basi kosa si waya wa gitaa. Ni kapasita, vifaa vya kuhifadhi chaji, za kuchuja umeme zilizochoka. Nikaweka mbili mpya, kimya. Lakini jamani, ndani zinaweza kubaki volti 300 hata plagi ikishachomolewa.

Mpiga gitaa mstaafu,
Tanga