Ripita ikiwa kiziwi, tusikimbilie kununua redio

Ndugu Mhariri,

Masika yakishapita maneno huwa ni yale yale: ripita imekuwa kiziwi, haiwasikii walio mbali, tuchange tununue redio mpya. Redio inanunuliwa, inafungwa, na uziwi uko pale pale, kwa sababu maradhi hayakuwa kwenye redio. Naomba nafasi niwaeleze wanaotunza mitambo hii Unguja na Pemba, pamoja na wale wanaoshika mfuko, pa kuanzia.

Kwa asiyeijua, ripita hupokea sauti kwenye masafa mamoja na papo hapo kuirusha kwenye mengine, tena kwa antena hiyo hiyo. Kwenye bendi ya mita 2 inayotumiwa na wanaridhaa wa redio, pengo ni kilohezi 600 tu: kwa mfano mtu anarusha kwenye megahezi 145.000, wenzake wanamsikia kwenye 145.600. Kinachozuia wati 30 zinazotoka zisizibe sikio linalotega ishara isiyofika hata sehemu moja ya milioni ya volti ni dupleksa, yale makopo marefu yaliyopangwa ndani ya kabati. Skrubu zake zimewekwa kwa vipimo ambavyo mafundi wengi hatuna. Atakayezizungusha kwa kubahatisha atakuwa na maradhi mawili.

Anza na mlalamikaji mwenyewe. Redio yake inatoa toni inayotakiwa, yaani mlio mnene unaotumwa pamoja na sauti, tuseme wa hezi 88.5? Bila toni ripita haifunguki, na hapo mtambo hauna kosa.

Kama toni ipo, mtu aende mbali na redio ya mkono mpaka sauti yake ifike na mchakacho. Wewe sikiliza kwenye spika ya ripita yenyewe, kisha zima upande wa kurusha. Mchakacho ukipungua, halafu ukarudi ulipowasha, mtambo unajiziba masikio wenyewe. Sasa uhamishie upande wa kurusha kwenye mzigo bandia (kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena) wa omu 50 unaohimili wati 50, kupokea kubaki kwenye antena. Mchakacho ukiendelea kurudi, kuna uvujaji ndani ya kabati: angalia nyaya fupi za kuunganishia, ambazo zinatakiwa ziwe na suka mbili za kinga, kama aina ya RG-142 au RG-214, si RG-58. Usiporudi, rejesha nyaya kama zilivyokuwa, vua waya wa antena kwenye dupleksa, funga mzigo bandia mahali pake, na mwenye redio ya mkono asogee karibu mpaka asikike kwa shida tena. Mchakacho ukiwa umekwisha, dupleksa haina hatia. Ubaya uko juu, kuanzia waya hadi antena.

Na huko juu, kwa hewa yetu ya chumvi, mwizi mkubwa ni maji. Mchakacho unaokuja na mvua na kuondoka na jua ni maji kwenye kiungo. Unaopanda na kushuka na upepo wa kusi ni boliti iliyoshika kutu au kiungo kilicholegea.

Mita ya SWR, ile inayoonyesha nguvu inayorudishwa na antena (1 ni nzuri, ikipanda ni mbaya), huwadanganya wengi hapa. Waya uliolowa hula nguvu inapokwenda na inaporudi, kwa hiyo mita iliyo chini yaweza kusoma vizuri kabisa ilhali antena imeoza. Mimi mita ikisoma vizuri ghafla na umbali wa kusikika ukapungua, ndipo ninapoingiwa na shaka. Zima mtambo, fundi apande avue waya kwenye antena, auache wazi, ashuke. Kisha rusha wati 5 za redio ya mkono moja kwa moja kwenye waya huo, kupitia mita, kwa sekunde chache. Kwa kuwa mwisho uko wazi, nguvu hurudi, na waya wa RG-213 wa mita 30 ulio mzima utasoma 3 au zaidi. Ikisoma chini ya 2, waya umekunywa maji. Haukaushiki, utupwe.

Mbadala wake uwe waya mgumu wa nusu inchi wenye gamba zima la shaba. Waya aina ya LMR-400 inasifiwa sana, na kwa redio ya kawaida inafaa, lakini ina karatasi ya aluminiamu chini ya suka la shaba iliyopakwa bati. Madini hayo mawili yakigusana huzaa kelele pale mtambo unaporusha na kupokea kwa wakati mmoja.

Viungo vya nje viwe vya aina ya N. Vifungwe tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ivutwe mpaka upana ubaki nusu, ukianzia chini kupanda juu, kila mzunguko ulalie ule wa chini yake kama makuti ya paa. Juu yake tepu nyeusi ya umeme, kwa ajili ya jua. Silikoni inayonuka siki isikaribie hapo: ile siki hula shaba. Matundu madogo chini ya antena ni ya kutolea maji, wala si kasoro ya kuzibwa. Waya nao, kabla ya kuingia kwenye kabati, ushuke kwanza ufanye kitanzi, maji yadondokee hapo.

Umeme nao una hesabu yake. Ripita ya wati 30 hula kama ampea 8 inaporusha na nusu ampea inaposikiliza. Ikirusha moja ya tano ya muda, wastani ni ampea 2, basi betri ya Ah (ampea-saa) 100 isiyoshushwa chini ya nusu inatoa saa 25. Unguja ilikaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Kwa giza la namna hiyo zinatakiwa paneli za jua zisizopungua wati 200, na zioshwe chumvi kwa maji matamu kila mwezi.

Fundi wa redio,
Chake Chake, Pemba